John Akii-Bua: Bingwa Aliyepangiwa Njia ya Ndani



Pale Tandika au Mbagala ukimtaja Usain Bolt, hata mtoto mdogo atakuonyesha ule mkao wake wa mshale. Sasa mtaje John Akii-Bua uone. Kimya. Na huyu ni jirani yetu kabisa, Mganda, binadamu wa kwanza kumaliza mita 400 za kuruka viunzi chini ya sekunde 48.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, kwa baba mwenye watoto 43. (Ndiyo, 43, hujasoma vibaya.) Utotoni alichunga ng'ombe, baadaye akajiunga na polisi Kampala. Alianza na viunzi vya mita 110 mpaka kocha wake Mwingereza, Malcolm Arnold, alipomhamishia mita 400. Mazoezi yake yalikuwa si mchezo: jamaa anaruka viunzi kavaa kizibao chenye uzito wa kilo kama 11. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za wanariadha wanavyojinyima. Angemwona huyu, nadhani angepata mfano mzuri zaidi.

Munich, 2 Septemba 1972, fainali. Akapangiwa njia namba 1, ile ya ndani kabisa, yenye kona kali zinazomtesa mtu mrefu kama yeye. Kwenye njia nyingine yupo Mwingereza David Hemery, bingwa mtetezi mwenye rekodi ya dunia ya 48.12, na yupo Mmarekani Ralph Mann. Hemery alitoka mbio kama ana haraka ya kwenda nyumbani. Akii-Bua akamfuata, akampita, akamaliza kwa 47.82. Rekodi ya dunia, na dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki! Badala ya kwenda kupumzika, akaendelea kuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha.

Halafu ndiyo panapouma. Idi Amin alimpandisha cheo na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake, lakini Lango ni kwao Milton Obote, na askari wa Amin waliua watu wengi sana wa huko. Mwaka 1976 nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, ziligomea Olimpiki ya Montreal. Filbert Bayi wetu alikosa, Akii-Bua akakosa, na Edwin Moses akachukua dhahabu na rekodi kwa 47.64.

Mwaka 1979 jeshi letu likaingia Kampala. Sisi huku tunaikumbuka Vita vya Kagera kwa ushindi, na ni haki yetu. Ila katika vurugu zile Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake, akaishia kambi ya wakimbizi. Bingwa wa Olimpiki! Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomsaidia kwenda Ujerumani. Alikimbia tena Moscow 1980, akaishia nusu fainali.

Baadaye alirudi Uganda, kwenye polisi yake na kufundisha riadha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997 akiwa na miaka 47, mjane, akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa. Uganda ilipata dhahabu yake ya pili mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London. Miaka 40 baada ya Munich.