HENRY MORTON STANLEY: MSAFIRI WA KATWE NA NYUNDO YA MNADA

Tarehe 24 Septemba 2002, mjini London, nyumba ya mnada ya Christie's ilipiga nyundo juu ya mali ya mtu aliyekuwa amelala kaburini kwa miaka 98. Mtu huyo ni Henry Morton Stanley. Vilivyouzwa vilikuwa vitabu, picha na vyombo vya safari vilivyohifadhiwa na jamaa zake tangu alipofariki. Watu waliopandishiana bei siku hiyo hawakuwa wakitafuta kitabu cha kusoma wala chombo cha kutumia. Walikuwa wakinunua historia, na sehemu ya historia hiyo ilitendeka hapa, kati ya milima ya Rwenzori na ziwa la chumvi la Katwe.

Kwa wananchi wa Kasese na Bwera, basi, mnada ule si habari ya ng'ambo tu. Stanley alipita katika nchi hii mwaka 1889. Kundi la vilele virefu kuliko vyote vya Rwenzori huitwa kwa jina lake hata leo, na ndani yake kimo kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109. Yafaa tuyatazame maisha yake kwa jicho la kitu hiki kimoja: vitu vya kale, wanaoviuza, na wale ambao majina yao hayamo katika orodha ya mnada.

MTOTO WA NYUMBA YA MASKINI

Jina alilozaliwa nalo lilikuwa John Rowlands. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, tarehe 28 Januari 1841. Hakulelewa na baba wala mama, na alipotimiza miaka sita alipelekwa katika nyumba ya kutunzia maskini huko St Asaph. Akiwa kijana wa miaka 18 alivuka bahari hadi New Orleans, Marekani, na huko akajitwalia jina la mfanyabiashara mmoja, Henry Hope Stanley. Tangu hapo aliificha asili yake kwa bidii kubwa, na miaka mingi akajitangaza kuwa Mmarekani.

Uaskari wake haukuwa wa sifa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka, aliingia jeshi la majimbo ya Kusini na kupigana huko Shiloh mwezi Aprili 1862. Alitekwa, akapelekwa katika kambi ya wafungwa mjini Chicago, na ili atoke humo alikubali kujiunga na jeshi la Kaskazini. Ugonjwa ukamtoa jeshini. Baadaye aliingia jeshi la wanamaji la Kaskazini, na mwaka 1865 akatoroka. Hata hivyo maisha yale yalimfunza jambo ambalo lilimfaa baadaye: namna ya kuona vita na kuviandika.

MNADA WA DALANTA

Mwaka 1868 gazeti la New York Herald lilimtuma Uhabeshi. Jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Napier lilikuwa limekwenda kuwakomboa mateka waliozuiliwa na Mfalme Tewodros katika ngome ya Magdala. Ngome ilianguka tarehe 13 Aprili, na Tewodros akajiua kuliko kutekwa. Kisha askari waliingia katika hazina na makanisa, wakachukua misalaba, taji, mavazi na vitabu vitakatifu vilivyoandikwa kwa mkono. Shehena hiyo ilibebwa na tembo 15 na nyumbu karibu 200 hadi uwanda wa Dalanta, na hapo, tarehe 20 na 21 Aprili, ukafanyika mnada. Mjumbe wa jumba la makumbusho la Uingereza alikuwa miongoni mwa wanunuzi. Fedha zilizopatikana ziligawiwa askari.

Stanley alikuwapo katika vita hivyo, na habari alizozipeleka kwa simu ya maandishi ziliitangulia taarifa ya serikali yenyewe. Hapo ndipo jina lake lilipoanza kuvuma. Tuukumbuke mnada huo wa Dalanta, kwa maana tutaurudia.

KUMTAFUTA LIVINGSTONE, KULIVUKA BARA

Sifa ya Magdala ndiyo iliyomfanya mwenye gazeti, James Gordon Bennett, amtume kumtafuta Dkt. David Livingstone. Alimkuta Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa mwaka 1871. Safari ya pili ilianza Bagamoyo mwezi Novemba 1874. Alilizunguka Ziwa Viktoria kwa mashua iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa watu, akapokewa na Kabaka Mutesa wa Kwanza mwezi Aprili 1875, kisha akaelekea magharibi akifuatana na askari wa Buganda. Mwezi Januari 1876 alifika juu ya ukingo wa ziwa ambalo leo huitwa George, lililo jirani na mji wa Kasese. Hakukaa. Wenyeji hawakuwa tayari kumpokea na jeshi lile, naye akageuka kusini. Mwezi Agosti 1877 alitokea Boma, karibu na mlango wa mto Kongo. Wazungu watatu aliosafiri nao walikuwa wamekufa wote, na wapagazi waliokufa au kupotea njiani walikuwa wengi mno.

Kuanzia mwaka 1879 hadi 1884 alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji katika Kongo, akijenga vituo na barabara na kuwatia machifu saini za mikataba. Huko alipewa jina la Bula Matari, yaani mvunja mawe. Kazi hiyo ilizaa dola ya Kongo ya mwaka 1885, na mateso yaliyowapata wananchi wa Kongo chini ya Leopold yanajulikana duniani kote. Historia haiwezi kumtenga Stanley kabisa na mateso hayo.

CHUMVI YA KATWE

Safari iliyomleta Usongora ni ile ya kumwokoa Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, naye amekatiwa njia na vita vya Mahdi. Stanley aliondoka Zanzibar mwezi Februari 1887 akiwa na Wazanzibari zaidi ya 600, bunduki za Remington na Winchester, na bombomu moja aina ya Maxim. Walizunguka kwa meli hadi mto Kongo, wakaingia katika msitu wa Ituri. Njaa, maradhi na mishale viliwapukutisha. Kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya kilipoteza sehemu kubwa ya watu wake, na kamanda wake, Meja Barttelot, aliuawa mwezi Julai 1888.

Mwezi Mei 1888 Stanley aliona kwa mbali mlima wenye theluji. Maofisa wake wawili walikuwa wamekwisha kuuona mwezi mmoja kabla yake, na Wakonzo walikuwa wakiishi katika miteremko yake kwa vizazi visivyohesabika. Dunia iliambiwa kwamba Stanley ameugundua.

Mwezi Mei 1889 msafara, sasa ukiwa pamoja na Emin na watu wake, uliteremka bonde la mto Semliki. Tarehe 6 Juni Luteni Stairs alipanda mlimani hadi zaidi ya mita 3,200, kisha akashindwa na mabonde na baridi. Msafara ukaendelea hadi nchi ya Usongora, uwanda ulio kati ya miguu ya mlima na ziwa ambalo Stanley aliliita Edward. Msafiri wa leo atokaye Bwera kwenda Katwe hupita katika uwanda huo huo.

Katwe ilikuwa mikononi mwa askari wa Omukama Kabarega wa Bunyoro, waitwao Warasura. Aliyelishika ziwa la chumvi alishika mfuko wa nchi, kwa kuwa chumvi ya Katwe iliuzwa hadi Ankole, Toro, Bunyoro na mbali zaidi. Wakonzo na Wasongora waliochoshwa na Warasura waliufuata msafara na kuuonyesha njia. Warasura waliondoka, na watu wa Stanley wakajichotea chumvi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, Kapteni Lugard alijenga ngome pale Katwe. Njia aliyoipita msafiri ikawa njia ya utawala.

Msafara uliingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Kati ya Wazanzibari wale zaidi ya 600, waliorudi hawakufika nusu.

NYOTA YA FEDHA

Stanley alirudi London akiwa mtu mashuhuri kuliko wengi wa zama zake. Mwaka 1890 yalifunguliwa maonyesho yaliyobeba jina lake, ambamo silaha, ngoma, vyombo na ramani za Afrika viliwekwa ili watu walipe na kutazama. Mwaka huo huo alimwoa Dorothy Tennant, mchoraji. Aliingia Bunge mwaka 1895, akapewa cheo cha Sir mwaka 1899, na akafariki tarehe 10 Mei 1904. Hakuzikwa karibu na Livingstone katika kanisa la Westminster, bali katika kijiji cha Pirbright, chini ya jiwe lililochongwa jina la Bula Matari.

Wapagazi na askari waliosalia nao hawakusahauliwa kabisa. Chama cha Kifalme cha Jiografia kiliwatengenezea nyota ya fedha yenye pembe tano, kama 200 kwa jumla. Leo nyota hizo huonekana mara chache katika minada ya medali, na wakusanyaji huzigombania kwa sababu ni adimu. Lakini nyota hiyo haisemi aliyeivaa alibeba mzigo gani, alimzika nani msituni, wala kama chumvi ya Katwe ilipita katika ulimi wake. Mnunuzi hupata fedha iliyochongwa. Mtu mwenyewe hayumo.

Hapa ndipo penye siri ya biashara ya vitu vya kale. Dalali huvipanga vitu kwa mafungu yenye namba, huandika orodha, na hukubaliana na mwenye mali juu ya bei ya chini ambayo haitavukwa kushuka. Kinachopandisha bei hasa ni nasaba ya kitu: nani alikitengeneza, kilimfikia nani, kilikuwapo wapi siku gani. Mkuki usio na habari ni chuma na mti. Mkuki uliotoka mkononi mwa mtu anayejulikana, mahali panapojulikana, ni mali. Stanley aliyajua haya kuliko wengi, kwani aliandika kila siku, akahifadhi kila karatasi. Ndiyo maana kumbukumbu zake zilinunuliwa na Wakfu wa Mfalme Baudouin na kuwekwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na ndiyo maana vyombo vyake vilipata wanunuzi mwaka 2002.

Nasaba hiyo hiyo ni silaha ya mnyonge. Mwaka 2021 nyumba moja ya mnada huko Dorset, Uingereza, ilitaka kuuza Biblia na vikombe vya pembe vilivyotoka Magdala. Serikali ya Ethiopia ilivitambua na kupinga. Vitu vikaondolewa mnadani, Wakfu wa Scheherazade ukavinunua, vikakabidhiwa kwa ubalozi wa Ethiopia. Miaka 153 ilikuwa imepita tangu mnada wa Dalanta, lakini habari za kitu zilikuwa hai, kwa hiyo mwenyewe aliweza kusimama na kusema ni changu. Kwetu Uganda, mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta vitu 39 katika Jumba la Makumbusho la Uganda, kwanza kwa njia ya mkopo wa miaka mitatu. Viliweza kurudi kwa sababu ilijulikana vilitoka wapi.

Katika nyumba nyingi za Bwera, Katwe na Kilembe kumebaki vitu vya wazee: mikuki, ngoma, picha za zamani, barua za siku za Rwenzururu, medali za babu waliokwenda Burma na jeshi la KAR. Medali za Uingereza za vita vya mwaka 1939 hadi 1945 zilitolewa bila jina la askari kuchongwa. Mjukuu asipoliandika jina hilo leo, kesho mnunuzi apitaye atailipia kwa bei ya kilo ya nyama, naye ataiuza mbali kama nyota ile ya fedha, bila mtu ndani yake.

Haigharimu kitu kuketi na mzee jioni moja, kumwuliza, na kuandika: hiki ni cha nani, kilipatikana wapi, mwaka gani. Karatasi hiyo ifungwe pamoja na kitu chenyewe, na nakala yake ipelekwe shuleni, kanisani au msikitini. Stanley alipita Usongora kwa siku chache tu, na kwa kuwa aliandika, nyundo ya London ilimpa thamani miaka 113 baadaye. Waliomwonyesha njia ya Katwe walikuwa wenyeji wa uwanda huu, wajukuu wao wapo, na kalamu zipo.