Ronald Ngala: Mwana wa Pwani aliyeshika kura ya turufu akaiachilia

NI nani mwenye uwezo wa kuuzuia mswada usiwe sheria? Swali hilo ndilo lililotawala maisha ya kisiasa ya Ronald Gideon Ngala, mwalimu wa jamii ya Wagiriama aliyezaliwa mwaka 1923 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi.

Baada ya masomo ya Alliance na Makerere, Ngala alifundisha Pwani hadi Machi 1957, alipokuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura. Juni 1960, yeye pamoja na akina Masinde Muliro na Daniel arap Moi waliunda chama cha KADU, naye akawa rais wake. Walihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na KANU baada ya uhuru.

Hofu hiyo haikuwa ngeni Mambrui. Mji huo wa kale, ulioko kaskazini mwa Malindi ng'ambo ya mto Sabaki, ulikuwa ndani ya ukanda wa maili 10 uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Wapo waliotaka Mwambao ujitenge. Ngala hakukubaliana nao. Alitaka Waswahili na Wamijikenda wabaki Kenya pamoja, katika jimbo lenye mamlaka yake. Oktoba 1963 iliafikiwa kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, mahakama za Kadhi zikihifadhiwa.

Katiba ya uhuru ilimpa Ngala, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, silaha kubwa. Saini ya Gavana Mkuu, aliyemwakilisha Malkia wa Uingereza, ilikuwa ya desturi tu. Kizingiti halisi kilikuwa Seneti yenye wanachama 41. Vifungu vilivyolinda majimbo havingebadilishwa bila robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Yaani maseneta watano tu wangetosha kuukwamisha mswada.

Mwaka 1964 serikali ya Jomo Kenyatta ilileta mswada wa kuifanya Kenya jamhuri na kuyapokonya majimbo nguvu zake. Wabunge wa KADU walikuwa wakihama mmoja mmoja, nayo serikali ilikuwa tayari kuandaa kura ya maoni iwapo Seneti ingekaidi. Novemba 10, 1964, Ngala alitangaza kukivunja chama chake na kujiunga na KANU. Mswada ukapita, na Desemba 12 Kenya ikawa jamhuri. Miaka miwili baadaye Seneti yenyewe ikafutwa.

Wako waliomsifu kwa kuiepusha nchi na mgawanyiko. Wengine walisikitika kwamba Pwani ilipoteza ngao yake. Ngala mwenyewe aliingia katika Baraza la Mawaziri mwaka 1966. Desemba 1972 alijeruhiwa katika ajali ya barabarani, akaaga dunia siku ya Krismasi. Kifo hicho kiliacha maswali mengi Pwani.

Katiba ya mwaka 2010 iliirejesha Seneti na kuunda kaunti 47. Chini ya Kifungu cha 115, Rais ana siku 14 za kutia saini mswada au kuurudisha bungeni akieleza pingamizi zake. Akinyamaza, mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa. Wabunge wakitaka kuzishinda pingamizi hizo huhitaji thuluthi mbili ya kura, na mswada ukihusu kaunti, Seneti nayo lazima ifikishe idadi hiyo.

Marekani nako thuluthi mbili za mabaraza yote mawili hushinda kura ya turufu ya Rais. Yeye hupewa siku 10, Jumapili zisihesabiwe. Tofauti ni kwamba Kongresi ikiwa imeahirisha vikao na mswada hauwezi kurudishwa, ukimya wa Rais huuua. Hapa kwetu ukimya hauui mswada.

Maisha ya Ngala yanafunza kwamba kizingiti kilichoandikwa katika katiba hakijilindi chenyewe. Asilimia 90 ilikuwa ukuta mrefu kwenye karatasi, lakini ulibomoka pale waliopaswa kuulinda walipoondoka mmoja baada ya mwingine. Maseneta wa leo kutoka Pwani wamekabidhiwa ukuta mfupi zaidi. Ni juu yao kuulinda.