Harry Brearley: Aliacha shule akiwa na miaka 12, akatuletea chuma kisichoshika kutu

Cheki kijiko ulichokorogea chai leo asubuhi. Kimeoshwa mara ngapi, na bado hakina kutu? Mmoja wa watu wa kushukuru ni Harry Brearley, mtoto wa familia maskini aliyezaliwa 1871 mjini Sheffield, Uingereza.

Babake alikuwa myeyusha chuma. Harry aliacha shule akiwa na miaka 12 hivi, akaingia kiwanda cha Thomas Firth. Akapelekwa maabara, lakini usidhani alikuwa mkubwa huko: kazi ilikuwa kuosha chupa. Jamaa hakungoja bahati. Alisoma jioni baada ya kazi, akajifunza kemia, na kuanzia 1908 akasimamia maabara ya utafiti ya kampuni za Firth na John Brown.

Mwaka 1912 akaletewa shida: mitutu ya bunduki ilikuwa ikilika ndani upesi kwa joto na gesi ya baruti. Akaanza kuchanganya chuma na kromiamu kwa viwango tofauti. Agosti 1913 akapata chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni 0.24.

Hapo ndipo mambo yaligeuka. Wataalamu wa chuma hulainisha kipande, hukipaka asidi, kisha hukitazama kwa hadubini. Asidi huacha alama zinazoonyesha jinsi punje zilivyojipanga ndani. Kipande cha Brearley kilikataa kuliwa na asidi! Mwingine angekitupa. Yeye akakijaribu kwa siki na maji ya ndimu, kikakataa pia. Mtu wa bunduki akaanza kuwaza visu.

Walimcheka, wee! Mafundi walitengeneza visu vya chuma hicho, vikashindwa kukata. Shida ilikuwa moto. Chuma hicho kilitaka joto kali kuliko walilozoea, kisha kipozwe ghafla, ndipo punje zijipange upya na kiwe kigumu. Ukikosea joto, mchanganyiko ni ule ule lakini kisu ni butu. Ernest Stuart wa kampuni ya visu ya R.F. Mosley alirudia mpaka akapatia, na ndiye aliyekipa jina la stenlesi.

Wajerumani na Wamarekani nao walikuwa wakisaka kitu hicho hicho miaka hiyo. Brearley mwenyewe alikosana na waajiri wake kuhusu haki za ugunduzi, akahama. Mwaka 1941 alianzisha mfuko wa hisani wa Freshgate, na akafariki 1948.

Somo hilo la moto bado linafanya kazi. Kuna stenlesi mpya zaidi iitwayo dupleksi, inayotumika kwenye mabomba ya baharini. Ndani yake kuna punje za aina mbili, karibu nusu kwa nusu: feriti na austeniti. Mchanganyiko huo huipa nguvu na kuilinda dhidi ya chumvi. Lakini fundi akiichomelea vibaya, ikikaa kwenye joto la nyuzi 800 hivi muda mrefu, ndani huzaliwa punje ngumu zinazonyonya kromiamu. Kwa macho bomba linang'aa tu, kumbe limekuwa jepesi kuvunjika na kutu inaweza kuanza kulitafuna.

Kwa hivyo wewe unayeosha vyombo vya wengine ukingoja nafasi, usiache kuchungulia kinachoendelea ndani. Muosha chupa wa Sheffield alianzia hapo hapo.