Ronald Ross na Siri ya Mbu

Je, wajua ni nani aliyegundua kwamba mbu hubeba vijidudu vya malaria? Ni Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1857. Zamani watu wengi walidhani kuwa malaria hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Ross hakuridhika. Kuanzia mwaka 1895 alipasua mbu mmoja baada ya mwingine, akawachunguza kwa hadubini. Joto lilikuwa kali, lakini hakukubali kupepewa, kwani upepo ungewapeperusha mbu wake. Mara nyingi hakuona kitu, wala hakukata tamaa. Tarehe 20 Agosti 1897 aliviona vijidudu hivyo tumboni mwa mbu aina ya anofelesi. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 1932. Ufukiapo dimbwi au ulalapo ndani ya chandarua, ikumbuke kazi yake.