Arthur Loveridge, msomaji wa umbo la nyoka

Wengi wetu tukimwona nyoka huokota fimbo. Arthur Loveridge alitaka kwanza kujua nyoka huyo anaishi wapi, anakula nini, na kwa nini ameumbwa alivyoumbwa.

Bwana huyu alizaliwa Penarth, Wales, mwaka 1891. Mwaka 1914 alikuja Nairobi kusimamia jumba la makumbusho. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka akawa askari, na baadaye akafanya kazi katika idara ya wanyamapori huko Tanganyika. Mwaka 1924 alihamia makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lakini misitu yetu hakuisahau. Alirudi mara kadhaa, akapanda milima ya Uluguru na Usambara, akaongozwa na wenyeji waliojua vichaka vyao.

Msitu mmoja una makao mengi. Chini, juu ya majani makavu, hulala kifutu mkubwa wa msituni, mnene na mzito, rangi zake kama majani yenyewe. Hafukuzi mawindo, humngoja panya apite. Juu matawini yuko nyoka mwembamba kama ufito, anayevizia mijusi na vinyonga. Akitulia, utadhani ni kijiti. Udongoni wamo nyoka wadogo wenye magamba laini na macho hafifu, walao mchwa.

Mwaka 1930 Loveridge alimtangaza kwa wataalamu nyoka mfupi mwenye sumu kutoka milima ya Udzungwa. Jamaa za nyoka huyo wengi hukaa mitini na kushika matawi kwa mkia. Yeye huishi chini.

Ni kweli kwamba nyoka wengi aliowakamata waliishia ndani ya chupa za dawa. Hata hivyo, kila mmoja aliandikiwa mahali alipopatikana, na mwaka 1957, alipostaafu, Loveridge alitoa orodha kubwa ya wanyama watambaao na vyura wa Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1980 katika kisiwa cha Saint Helena.

Maandishi hayo yana uzito hata leo. Nyoka aliyeumbwa kwa matawi hawezi kugeuka akawa wa shambani. Msitu wake ukifyekwa, hana pa kuhamia, hata kama hakuna aliyemwinulia fimbo.