Robert Noyce, Aliyeshirikiana na Washindani Wake

Muhula huu napenda kuwaeleza kwa ufupi maisha ya Robert Noyce, mmoja wa watu waliowezesha kompyuta kuwa ndogo kiasi cha kuwekwa juu ya meza.

Noyce alizaliwa tarehe 12 Desemba, 1927, katika jimbo la Iowa, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji. Alipokuwa katika Chuo cha Grinnell aliiba nguruwe wa mkulima kwa ajili ya karamu, akafukuzwa kwa muhula mmoja. Hakukata tamaa. Alirudi, akamaliza masomo, na mwaka 1953 akapata shahada ya udaktari katika fizikia.

Mwaka 1957 yeye na wenzake saba walianzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor. Huko, mwaka 1959, alibuni njia ya kuunganisha transista nyingi ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Lakini Jack Kilby, wa kampuni ya Texas Instruments, alikuwa amekwisha kutengeneza kitu cha namna hiyo mwaka 1958. Basi kampuni hizo mbili zikashindania haki ya uvumbuzi kwa miaka mingi. Mwaka 1966, kesi ikiwa bado haijaisha, zilipatana kupeana leseni, kila moja ikatengeneza bila hofu.

Mwaka 1968 Noyce na Gordon Moore walianzisha kampuni ya Intel. Mwaka uliofuata watu wengine waliotoka Fairchild walianzisha AMD, naye Noyce akawasaidia kwa fedha zake mwenyewe, ingawa walikuwa washindani! Mwaka 1982 Intel iliiruhusu AMD kutengeneza prosesa zake, yaani ubongo wa kompyuta. Sababu ni kwamba IBM, mnunuzi mkubwa, haikutaka kutegemea kiwanda kimoja tu. Kiwanda hicho kikipatwa na ajali, nayo ingekwama. Mapatano hayo hayakudumu, kwani mwaka 1987 walipelekana mbele ya mwamuzi.

Viwanda vya Japani vilipozidi nguvu, kampuni 14 za Marekani ziliungana kufanya utafiti pamoja katika chama kilichoitwa Sematech. Mwaka 1988 Noyce, aliyekuwa na miaka 60, alikubali kukiongoza. Alifariki kazini humo, mjini Austin, tarehe 3 Juni, 1990. Kilby alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Noyce hakuipata, kwa kuwa tuzo hiyo hawapewi marehemu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nami nilikuwa nikimficha mwenzangu daftari langu la hesabu, nikichelea asije akanishinda. Nilipokwisha kusoma habari hizi nilimpa, naye akaniazima lake la fizikia. Siku ya mtihani tutashindana vile vile, lakini sote wawili tutakuwa tumejua zaidi.