Al-Razi, tabibu aliyeujali upepo

Wapo wazazi, Nachingwea na Ruangwa kama kwingineko, ambao mtoto akishikwa na mafua humfungia chumbani na nduguze, madirisha yakazibwa, kwa kuuogopa upepo wa nje. Tabibu tunayemkumbuka Ijumaa hii aliutazama upepo kwa jicho jingine.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi alizaliwa Rayy, karibu na ilipo Tehran leo, yapata mwaka 251 Hijria (865 Miladia). Alisimamia hospitali ya mji wake, kisha ya Baghdad. Katika falsafa wapo wanazuoni waliompinga vikali, lakini vitabu vyake vya tiba vilisomwa kwa karne nyingi, Mashariki na Ulaya.

Husimuliwa kwamba alipotakiwa kuchagua kiwanja cha hospitali mjini Baghdad, aliamuru vipande vya nyama vitundikwe pande mbalimbali za mji, akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Wasimulizi huitaja hospitali ya Adud al-Dawla, nayo ilifunguliwa mwaka 372 Hijria (982), zaidi ya nusu karne baada ya yeye kufariki. Kwa hiyo kisa hicho, kwa namna hiyo, hakiwezi kuwa sahihi.

Lililo thabiti ni maandishi yake. Katika risala moja alieleza kwa nini Abu Zayd al-Balkhi alipatwa na mafua kila yalipofika majira ya waridi. Yaani si kila chafya ipatikanayo nje imeambukizwa. Hata mkulima wa korosho akohoaye baada ya kupuliza salfa hakuletewa maradhi na upepo. Ni vumbi lililomkera kifua.

Kitabu chake mashuhuri zaidi kinatenganisha ndui na surua. Dalili alizieleza kwa uangalifu mkubwa, ila chanzo alikitafuta katika kuchemka kwa damu, na hapo hakupatia. Surua ni kirusi kisafiricho hewani. Katika chumba kilichofungwa chaweza kubakia hata saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Uwanjani upepo hukitawanya upesi, na hatari iliyobaki huwa zaidi kwa waliosogeleana uso kwa uso, kama watu waliosongamana mnadani. Mtoto wa madrasa aliyebanwa na wenzake katika chumba cha dirisha moja yumo hatarini kuliko yule asomeshwaye chini ya mwembe. Hata hivyo, mwembe haushiki nafasi ya chanjo, ambayo hapa Tanzania hutolewa mtoto afikapo miezi 9, na tena miezi 18.

Mwishoni mwa umri wake al-Razi alipofuka. Alifariki dunia mjini Rayy yapata mwaka 313 Hijria (925). Karatasi alizoandikia mambo ya wagonjwa na tiba zao zilikusanywa baada yake, zikawa kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi.